Bustani yetu ya ndani ya maji, na jiwe lililoiua



Wengi mnaokuja siku ya likelemba mmeliona lile tangi la kioo kwenye kona ya chumba chetu. Watoto hulikimbilia kabla hata ya kusalimia. Ndani yake kuna mawe makubwa mawili na madogo matatu, yamevikwa zulia la kijani, na samaki wadogo kumi na wawili wanapita katikati kama wanafunzi wanaotoka shule. Kila mara mnatuuliza, "Mnafanyaje libaki safi hivi?"

Leo tunajibu. Lakini hatuwezi kueleza matunzo yake bila kusimulia kwanza jinsi lilivyokufa, na jinsi tulivyomkosea dada mmoja kwa ajili yake.

Lilivyoanza

Tangi hili tuliachiwa na mama mmoja wa kikundi alipohamia Kolwezi. Urefu wake ni sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Ukiweka mchanga na mawe, maji yanayobaki ni kama lita 40. Baadhi yetu walitaka liuzwe, pesa ziingie kwenye kasha. Wengine wakasema, watoto wanaosubiri mama zao hawana cha kutazama, acheni libaki. Likabaki.

Chumba chetu kina dirisha moja dogo, na jua haliingii. Tulidhani hiyo ni shida. Aliyetuuzia samaki kule Lubumbashi akatuambia hapana, kivuli kina mimea yake. Akatupatia miwili. Wa kwanza ni anubiasi, mmea wa majani magumu unaoota penye kivuli kando ya mito ya Afrika ya Kati na ya Magharibi, hata katika misitu yetu ya Kongo. Hauna haraka: jani moja jipya laweza kuchukua wiki kadhaa. Wa pili ni musi.

Musi ni yale majani madogo laini mnayoyaona yamelala juu ya mawe yenye unyevu karibu na chemchemi. Jina tumelichukua kwa Kifaransa. Ile inayouzwa sana kwa ajili ya matangi huitwa musi ya Java, na asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Haina mizizi ya kunyonya udongo kama muhogo. Hushika jiwe tu, na chakula chake hukipokea kwa majani yake yote kutoka ndani ya maji. Maana yake ni kwamba chochote kilicho ndani ya maji, kizuri au kibaya, musi inakinywa.

Jiwe la kijani

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha mtoto mmoja akaleta jiwe. Mnayajua mawe hayo, ninyi wa Likasi: malakiti, kijani chenye mistari, zuri kama kitenge. Huku kwetu shaba inasafishwa karibu miaka mia sasa, na mawe ya namna hiyo watoto huyaokota na kuyachezea. Tukaliosha vizuri, tukaliweka katikati ya tangi. Wote tulisifu. Kijani cha jiwe na kijani cha musi vilipendezana sana.

Baada ya siku chache konokono wadogo wa tangi walianza kupanda juu ya kioo hadi nje ya maji. Kisha wakaanza kuanguka. Wiki ya pili samaki walikuwa wakihema juu juu, na ncha za musi zikageuka rangi ya chai. Siku moja asubuhi tukakuta samaki saba wamelala chini.

Wiki ile zamu ya kutunza tangi ilikuwa ya dada mdogo kuliko wote katika kikundi. Mtu mmoja akakumbuka kwamba alimwona akiosha vikombe karibu na tangi. Mwingine akasema, "Ni sabuni." Neno likaenda, likarudi limekua. Kufikia jioni tayari ilisemwa kwamba alitumia bidoni ya sabuni kuongeza maji. Hakuna aliyemwuliza. Alhamisi iliyofuata hakuja. Na ya baadaye hakuja. Zamu yake ya kupokea likelemba ilikuwa imekaribia, na sote tulijua pesa zile alizitegemea kwa minervali ya watoto wake wawili.

Aliyetufungua macho ni mama mkubwa wetu, mjane wa mfanyakazi wa shaba. Alikuwa amekwenda Lubumbashi kuuguza. Aliporudi akasimama mbele ya tangi, akatazama jiwe, akauliza, "Hili nani aliliweka?" Tukasema ni sisi sote. Akasema, "Hili ni shaba. Mmepika supu ya shaba, halafu mnamtafuta mchawi."

Hatukumwamini mara moja. Basi akatuagiza chupa mbili tupu za mayonezi. Tukazijaza maji yaleyale safi ya mvua. Katika moja tukaweka kipande cha jiwe, katika nyingine hatukuweka kitu. Konokono wanne waliokuwa wamebaki tukawagawa, wawili huku, wawili kule. Siku ya pili wale wa chupa ya jiwe walikuwa wamejifungia ndani ya magamba yao. Siku ya nne walikuwa wamekufa. Wale wa chupa nyingine walikuwa wakitembea juu ya kioo. Si maabara, lakini kwetu ilitosha.

Malakiti ni shaba iliyoungana na vitu vingine ikawa jiwe. Ukiliweka juu ya meza halina shida. Lakini maji ya mvua ni mepesi na yana uchachu kidogo, hivyo huliyeyusha pole pole, na shaba ikishaingia ndani ya maji haipandi hewani kama mvuke. Inabaki. Konokono, kamba wadogo na samaki wachanga hawaistahimili hata ikiwa kidogo sana.

Msamaha

Tulikwenda nyumbani kwake watatu, mama mkubwa mbele. Tulimkuta kwenye lupango akipuliza mbabula. Mama mkubwa hakukaa kwanza. Alisema, "Mwanangu, tumekuja kuomba msamaha. Tulikuhukumu bila kukuuliza."

Yeye akajibu, "Mama, ningesema. Lakini nani angenisikiliza? Mimi ni mdogo, na samaki walikuwa wamekwisha kufa."

Neno hilo lilituchoma, kwa sababu ni kweli. Tumezoea kufundisha watoto wetu waulize kwanza, na sisi wenyewe hatukuuliza. Likelemba yake alipokea siku yake, mbele ya wote, na kosa letu tulilisema mbele ya wote pia. Haikutosha kulisema nyumbani kwake tu, maana lawama tuliitoa hadharani. Leo ndiye anayeshika mkasi wa kukata musi, na hakuna mkono mwepesi kama wake.

Tulivyoanza upya

Tulitoa kila kitu. Mchanga wa zamani haukurudi. Musi ya zamani haikurudi pia, ingawa sehemu yake ilikuwa bado ya kijani. Musi hushika madini mwilini mwake na kuyaweka. Kule Ulaya watafiti huitumia musi ya mtoni ili kujua kama mto una madini mazito: huichukua, huikausha, huipima. Kwa hiyo hatukuitupa kwenye bustani ya lenga-lenga. Tuliikausha na kuitupa mbali na mboga na kisima.

Sasa hatuweki jiwe la kijani, la buluu, lenye kutu au linalong'aa kama chuma. Na kila jiwe jipya, hata likiwa la kawaida kabisa, linakaa kwanza wiki mbili katika chupa ya maji pamoja na konokono mmoja. Konokono akitembea, jiwe linaingia.

Hapo tunaomba msikilize vizuri. Konokono hao ni wale waliozaliwa ndani ya matangi. Usichukue konokono wa kijito wala wa bwawa, maana baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, na mtoto ataingiza mkono kwenye tangi.

Na jambo jingine. Konokono hapimi maji ya kunywa. Yeye hufa kwa shaba kidogo mno, chini sana ya kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linaruhusu katika maji ya binadamu, yaani miligramu 2 kwa lita. Kwa upande mwingine, maji yenye kipindupindu hayamsumbui hata kidogo. Basi akifa, usiogope mara moja kwamba watoto wamelishwa sumu. Akiishi, usidhani kisima ni salama. Maji ya kunywa yachemsheni ili kuua vijidudu. Lakini kuchemsha hakuondoi madini. Kama kisima kipo karibu na machimbo au mahali wanapooshea mawe, dawa yake ni kupimwa maabara au kutafuta maji mengine.

Kazi ya kila Alhamisi

Maji. Tunatoa lita 10, yaani nusu bidoni, na kurudisha lita 10. Maji ya robine tunayaacha wazi usiku mzima ili klorini ipungue. Maji ya mvua ni mazuri pia, lakini Shituru ina vumbi, na vumbi hulala juu ya mabati. Mvua ya kwanza ya msimu hatuikingi kabisa. Mvua zinazofuata, tunaacha dakika kumi na tano hivi za mwanzo zioshe paa, ndipo tunaweka pipa. Maji yanayotoka kwenye tangi hayapotei: yana mbolea ya samaki, na tunayamwagia maua.

Kichujio. Sponji yake tunaikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi, kamwe si chini ya robine. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wazuri wanaogeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Klorini inawaua. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria hao hukosa hewa na wengine hufa. Basi kabla ya kuwasha tena tunaikamua sponji kwanza, ili uchafu uliooza usirudi kwa samaki.

Mwanga. Taa moja ndogo ya LED, saa sita au saba kwa siku, basi. Mwanga ukizidi, musi haifaidiki, bali utando wa kijani na nyuzi ndefu kama nywele ndivyo vinavyofaidi. Umeme ukikosekana leo, kesho hatuongezi saa za taa kulipa deni. Mimea hii imezoea kivuli, siku moja ya giza si kitu kwake.

Chakula. Kidogo cha kushika kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Kinachobaki baada ya dakika mbili kilikuwa kingi. Na tafadhali, wamama, waambieni watoto wasiwape samaki bukari. Tunajua wanafanya kwa upendo. Lakini maji yanageuka uji na utando unakula karamu.

Baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa kwetu unauma. Musi hufurahi, lakini samaki hawa, wanaoitwa gapi, hulegea. Hatuna mashine ya kupasha joto, kwa hiyo jioni tunalizungushia tangi blanketi la zamani, na juu tunaacha nafasi ya hewa. Mabadiliko ya ghafla huua samaki kuliko baridi yenyewe, ndiyo maana maji mapya nayo hulala chumbani mle mle.

Mkasi na macho

Musi ikiachwa inakuwa kama kichwa ambacho hakijasukwa mwezi mzima. Juu ni kijani, ndani ni kahawia, kwa sababu mwanga haufiki chini na uchafu unakaa humo. Kisha kipande kizima kinabanduka na kuelea. Kwa hiyo inapofika sentimeta 3 tunaikata mpaka nusu. Kwanza tunazima kichujio. Dada yetu anakata kwa mkasi mrefu, kidogo kidogo, akifuata umbo la jiwe, na mwingine anafuata nyuma na chujio la chai kukusanya vipande. Kipande kilichoachwa kitaota mahali popote, hata ndani ya kichujio.

Kuotesha musi juu ya jiwe jipya, tandaza safu nyembamba kabisa, uweze kuliona jiwe kupitia kwake. Ifunge kwa uzi wa pamba. Baada ya wiki kadhaa uzi utaoza, na musi itakuwa imekwisha kushika yenyewe. Uzi wa nailoni hauozi, na samaki wanaweza kunaswa. Ukitandaza musi nene kwa tamaa, ya chini inaoza na ya juu inabanduka. Anubiasi nayo ina shina nene linalolala. Lifunge juu ya jiwe, usilizike kwenye mchanga, litaoza.

Kuhusu kupendeza, tulijifunza kutoka kwa picha za Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyeifanya kazi hii ijulikane duniani. Alifariki mwaka 2015, na mwaka huohuo bustani yake kubwa ya ndani ya maji ilifunguliwa Lisbon, nchini Ureno, yenye urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Letu ni lita 40. Lakini kanuni zinafanya kazi hata katika chupa. Jiwe kubwa lisikae katikati kabisa, lisogee upande mmoja. Mchanga uwe juu nyuma na chini mbele, tangi litaonekana refu kwenda ndani. Na acha sehemu tupu. Sisi wanawake tuna ugonjwa wa kujaza kabati mpaka mlango usifunge. Lile jiwe la kijani lenyewe tuliliongeza mahali ambapo hapakukosa kitu.

Kabla hujaweka lako

Lita 40 za maji ni kilo 40, na kioo, mchanga na mawe juu yake. Meza iwe imara, mtoto asiweze kuitikisa. Chomoa waya wa umeme kabla ya kuingiza mkono, kila mara. Waya uning'inie chini kuliko soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiifikie. Nawa mikono bila sabuni kabla, na kwa sabuni baada. Na maji yakilala bila samaki, mbu watazaa. Gapi hula viluwiluwi vya mbu, na mahali pengi wametumika kupunguza malaria, lakini tangi tupu lililosahauliwa nyuma ya nyumba ni shamba la mbu.

Anayetaka kuanza, asianze na tangi. Aanze na chupa ya mayonezi, jiwe moja lililopimwa na kipande kidogo cha musi, dirishani pasipo jua kali. Vipande vya kila mkato hatuvitupi siku hizi. Aje Alhamisi, aje na chupa yake safi isiyo na harufu ya sabuni, amwone dada yetu mwenye mkasi. Ndiye anayegawa.

Na siku maji ya kwako yakichafuka, mama, kabla hujatafuta mwenye kosa, angalia kwanza wewe mwenyewe uliweka nini ndani. Kisha uliza. Uliza mbele yake, si nyuma yake.